Dagaa wa Manyoya: Mama Vania Anaondoka Mezani

Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, saa kumi alasiri, Bi Conceicao Custodio atalegeza jiliwa lake dogo la chuma la kubania ndoana, atafunika kopo la ndoana na kustaafu akiwa ametimiza umri wa miaka sitini. Aliajiriwa Kambi ya Kolekole tarehe 3 Machi 1994. Piga hesabu mwenyewe: miaka thelathini na mmoja na miezi saba kasoro siku tatu. Mimi nimehesabu mara mbili kwa sababu sikuamini, na katika miaka hiyo nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na sita.

Ofisi iliniomba niandike wasifu mfupi, wenye staha, usiozidi ukurasa mmoja. Poleni sana. Mama Vania, kama tunavyomwita sote kwa jina la binti yake, haenei ukurasa mmoja. Nimejaribu, nikaishia kwenye habari za kuku.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wapo ndugu zetu wa mapokezi na wa stoo wanaopita mlangoni kwetu pale Shangani mjini kila siku na bado wanadhani tunashona mito. Wageni wa kambi yetu, kule Ruvuma inakoingia baharini, hawavui kwa nyavu, wala hawaweki kamba au ngisi kwenye ndoana. Wanarusha mshipi mwepesi wenye chambo kilichotengenezwa kwa manyoya ya ndege, yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana. Kikiwa kikavu, chambo hicho kinaonekana kama kitu cha kusafishia masikio. Kikiingia majini na kuvutwa, manyoya yanalala, yanafunguka, yanalala tena, na mbele ya macho yako unamwona dagaa anayekimbiza roho yake. Kolekole akimwona dagaa huyo, basi tena! Maji yanapasuka, mgeni anapiga mayowe, fimbo ya kuvulia inapinda. Baadaye samaki wengi huachiwa warudi majini, jambo ambalo Mama Vania hajalikubali mpaka leo. Husema ni mtu aliyeshiba tu anayeweza kumshika kolekole wa kilo nane halafu akamuaga.

Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa akiwa mgongoni kwa mama yake wakati wa vita, akakulia kwenye shamba la mihogo karibu na Kilambo. Alipokuja kambini hakuja kufunga vyambo. Alikuja kunyonyoa kuku. Barua yake ya ajira ipo, nimeiona kwa macho yangu: msaidizi wa jikoni. Na kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wanawake wote wa jiko lile, kuku mmoja kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani.

Mwaka wa pili wa kazi yake, mgeni mmoja alipinduka na mtumbwi akapoteza kasha lake lote la vyambo. Akaja uani kwa jikoni, akachutama mbele ya rundo la manyoya aliyokuwa anayatupa Mama Vania, akaanza kuchagua moja moja. Mama Vania akadhani mzungu wa watu amepigwa na jua. Yule mgeni akaomba uzi, akakaa kwenye kigoda, akafunga chambo chake cha kwanza. Kikakaa vibaya. Akafunga cha pili, kibaya zaidi. Mama Vania alivumilia mpaka cha tatu, uvumilivu ukamwishia. Akakichukua mkononi mwa mgeni bila kuomba ruhusa, akakifungua chote, akakifunga upya kwa mizunguko michache na uzi uliokaza. Kesho yake chambo kile kilikamata samaki kabla ya chai ya saa nne, na mgeni akarudi akicheza ngoma isiyojulikana ni ya kabila gani. Wiki haikuisha kabla Mama Vania hajapewa meza. Wapishi walilalamika mwaka mzima kwamba kuku sasa wananyonyolewa ovyo.

Mzizi wa kazi yetu ni shingo ya jogoo. Manyoya ya hapo ni marefu, membamba, laini, na yakiwa majini yana uhai wake. Lakini Mama Vania aliweka sharti siku ya kwanza, na sharti hilo limedumu: jogoo hachinjwi kwa ajili ya manyoya. Achinjwe kwa sababu watu wana shughuli na wanataka kula, sisi tupate kilichobaki. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuleta majogoo kumi aliowachinja kwa ajili yetu tu, nyama ameitupa. Mama Vania alimsindikiza mpaka barabarani kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye jarida la kazi.

Kwa hiyo kalenda yake si ya ofisi. Ni kalenda ya shughuli za watu. Anajua nani anaoza binti lini, maulidi yanasomwa kijiji gani, wali wanatolewa jandoni na unyagoni wiki ipi, Krismasi kwa akina nani kutakuwa na wajukuu wengi. Toka Chikongola mpaka vijiji vya barabara ya Kilambo, hakuna uwanja wa sherehe ambao hajafika asubuhi na mapema, vitenge viwili kiunoni, kikapu mkononi, akakaa karibu na wachinjaji. Watani wake wanasema amekuja kuhani jogoo. Naye huwajibu kwamba lazima awepo mtu wa kumlilia marehemu, maana wengine wote wanaujua mchuzi wake tu.

Shida yake ya miaka ya mwanzo ilikuwa maji ya moto. Mama wa pwani na mama wa bara wote wanajua: kuku akishachinjwa anamwagiwa maji ya moto, ananyonyolewa fasta. Sasa unyoya ukishapikwa hivyo umekufa, unanata, hauchezi tena majini. Mama Vania alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba jambo moja: shingo kwanza, kavu, kabla ya maji. Mwanzoni walimcheka. Akawaambia kila shingo kavu atailipa kwa kifaranga wa kuku wake weupe, na kweli akalipa, kifaranga kwa shingo, miaka nenda rudi. Ndiyo maana leo ukipita vijiji vile unaona kuku weupe kila ua. Na mabinti wanapofundwa kuandaa jogoo wa wageni, siku hizi wanaambiwa kabisa kwamba shingo inanyonyolewa kavu, ni ya Mama Vania. Mabinti wengine hawajui hata Mama Vania ni nani. Wanadhani ni mila.

Nikisema ni mpole nitakuwa nimesema uongo, na uongo kwenye wasifu ni dhambi. Mama Vania ni mkali! Kila chambo kikimalizika hufungwa uzi na kuvutwa ndani ya beseni la bluu lililojaa maji. Ncha ya ndoana inachomekwa kwenye kizibo isimchome mtu, halafu anaitwa mkaguzi wetu, paka wa ofisi anayeitwa Afande. Afande akitumbukiza mguu kumkamata yule dagaa, chambo kimepita. Afande akipiga mwayo, unafungua uzi unaanza upya. Mara nyingine nimemhonga Afande kipande cha nguru, haikusaidia kitu. Yeye na Mama Vania lao moja.

Na mimi, Veronika, siwezi kuandika habari hizi nikajificha nyuma ya pazia. Mwezi wangu wa pili kazini, mwaka 2009, tulikuwa na shingo sitini kwa ajili ya kundi kubwa la wageni. Mama Vania alikuwa na udhuru wa msiba. Nikayaangalia yale manyoya nikaona yamekauka, yamepauka, yananitia huruma. Nilikumbuka mama yangu alivyokuwa akitupaka nywele mafuta ya nazi Jumapili kabla ya ibada, zikang'aa. Nikayapaka yote. Jamani yaling'aa! Nikafunga vyambo, nikavituma kambini, nikangoja sifa.

Aliyerudi ni Ismaili, nahodha wa boti ya wageni, na alirudi akiwa ameshika kofia mkononi. Vyambo vyangu havikuzama. Vilielea juu ya maji kutwa nzima, wageni wanavuta, samaki wanapita chini wanaviangalia. Ismaili aliniuliza mbele ya watu wote, "Dada Vero, hivi ulitufungia vyambo au maboya?" Mama Vania aliporudi hakunifokea hata neno moja, na hilo lilinitisha zaidi. Alinipa sabuni ya kuoshea vyombo, akanipa ndoo tatu, akanionyesha kigoda. Niliosha manyoya siku tatu, unyoya mmoja mmoja. Tangu hapo naitwa Mama Nazi, na hata mlinzi mpya aliyeanza kazi mwezi uliopita ameshaambiwa.

Kwa kumbukumbu za daftari letu, mikono yake imefunga vyambo elfu arobaini na kitu. Amekuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi mara tatu. Amefundisha wanawake watano, wawili kati yao ndio tuliobaki naye: Hawa, mwenye miaka kumi na mmoja kazini na maneno kama kumi na moja tangu aanze, na mimi, ambaye nimesema mengine yote. Wageni wanaandika kutoka nchi zao wakiomba vyambo vyake kwa jina. Hawaombi vyambo vya Kambi ya Kolekole. Wanaomba vya Mama Vania, na hapo ndipo tatizo letu lilipoanzia.

Mwezi wa Juni mwaka huu meneja wetu, Bwana Danieli, alituita wote watatu ofisini. Si mtu mbaya, na siku ile alikuwa anajikuna shingo, tukajua kuna neno zito. Wenye kambi walikuwa wameamua kwamba Mama Vania akistaafu, chumba cha vyambo kifungwe. Vyambo vya nailoni vitaagizwa tayari kutoka nje. Hoja yao ilikuwa moja tu: akiondoka yeye, wageni wanamfuata nani? Lakini Bwana Danieli alikuwa amepigania upenyo. Mama Vania akisaini mkataba wa miaka miwili zaidi, chumba kingebaki kwa miaka hiyo miwili. Mkataba ulikuwa mezani, kalamu juu yake. Mimi na Hawa tukashusha pumzi.

Mama Vania akairudisha ile kalamu upande wa pili wa meza. Alisema baada ya miaka miwili tutakaa tena kwenye viti hivi hivi, yeye akiwa na macho mabovu zaidi, na sisi bado tunaitwa wasaidizi wa Mama Vania. Kama hawa wawili wanajua kazi, ijulikane sasa. Kama hawajui, basi yeye hakufundisha kitu miaka yote hiyo, na chumba kifungwe kwa haki. Akapendekeza mwenyewe tupimwe mtoni, vyambo vyake na vyetu, samaki waamue. Bwana Danieli akamwangalia, akatuangalia sisi, akakubali.

Niandike wazi: nilimkasirikia. Nina watoto wawili sekondari, Hawa ana wanne na mume anayeumwa mgongo, na huyu mama alikuwa amecheza kamari kwa ugali wetu bila kutuuliza. Nilimnunia siku nne. Salamu ya asubuhi nilimpa kwa sababu ni mkubwa wangu, zaidi ya hapo sikumpa kitu. Siku ya tano nikabadilisha mbinu. Nilimwendea akiwa peke yake nikamwomba, kwa sauti ya chini, atufungie yeye vyambo vyetu siku ya mtihani, nani angejua? Aliniangalia juu ya miwani, akaanza Kimakonde. Mimi ni Mmakua wa Masasi, Kimakonde changu ni cha kuokoteza, lakini nilielewa kiasi cha kutoka nje haraka.

Hawa alinikuta barazani nikilia. Akaniambia, "Dada Vero, tufunge tu." Kwa Hawa, hiyo ni hotuba.

Masharti yalikuwa haya. Kila mmoja wetu afunge vyambo vinane vya aina moja, ile tunayoiita mkizi mdogo: manyoya meupe ya shingo, ubavuni manyoya ya kanga yenye madoa, kooni uzi mwekundu. Bwana Danieli aliviweka kwenye bahasha ishirini na nne zenye namba, orodha ya wenyewe akaifungia kwenye droo yake. Wageni wawili waliokuwa kambini, ndugu wa tumbo moja, walikubali kurusha kila chambo mara ishirini kila siku kwa siku tatu, bila kujua kimefungwa na nani. Ismaili aandike namba na samaki. Vyambo vya wanafunzi vikikamata japo nusu ya samaki wa mwalimu, chumba kinabaki.

Tulianza tarehe 9 Septemba, maji makubwa ya bamvua yameshika, tena safi. Siku ya kwanza walipatikana samaki wanne. Siku ya pili upepo wa kusi ulivuma mpaka wageni wakashindwa kusimama sawasawa ndani ya boti, wakapata wawili. Ismaili aliandika namba kwenye daftari na hakuna aliyejua ni za nani. Usiku huo sikupata usingizi, na najua Hawa naye hakupata, maana asubuhi alikuja amevaa kandambili mbili tofauti.

Siku ya tatu Bwana Danieli alitupakia kwenye gari sote tukashuhudie. Mama Vania haogopi kitu duniani isipokuwa boti, hivyo tulibaki ufukweni na mkono juu ya macho. Maji yalianza kupwa saa tatu. Saa tatu na nusu mikizi wakaanza kuruka mlangoni mwa mto, makundi kwa makundi, na nyuma yao, Mungu wangu, kolekole! Fimbo ya mgeni wa kwanza ikapinda. Haijanyooka, ya mwenzake nayo imepinda. Ismaili hakujua amsaidie nani, alikuwa anaruka toka mwisho mmoja wa boti mpaka mwingine akipiga kelele peke yake. Mama Vania alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anapiga makofi kwa kila fimbo inayopinda, bila kujua anamshangilia nani. Samaki wa saba, wa nane, wa tisa! Mpaka maji yanatulia walikuwa kumi na wanne kwa siku ile moja. Ismaili alipofika nchi kavu sauti ilikuwa imemkauka.

Matokeo yalisomwa bwaloni, wafanyakazi wote wamesimama, hata wapishi wameacha masufuria. Ismaili anasoma namba na samaki wake, Bwana Danieli anatazama orodha na kutaja jina. Nianze na aibu yangu ipite: vyambo vyangu vyote vinane vilikamata samaki wawili, na mmoja wao alikuwa chewa mjinga ambaye nadhani alikuwa anapiga mwayo tu. Vya Mama Vania vilikamata saba. Namba kumi na saba peke yake ilikuwa na samaki wanne, na bwalo zima likageuka kumwangalia Mama Vania. Bwana Danieli akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akasema, "Hawa." Namba tatu, Hawa. Namba ishirini na mbili, Hawa. Jumla ya Hawa ilikuwa samaki kumi na mmoja.

Wengine walianza kushangilia, wakanyamaza walipomwona Mama Vania amenyoosha mkono. Alitaka namba kumi na saba. Akaomba maji, wakaleta bakuli la mchuzi lililojaa maji. Akakivuta kile chambo taratibu, akakiachia, akakivuta tena, na nilipochungulia begani kwake nikaona nilichokuwa sijawahi kukiona. Manyoya ya Mama Vania hukaa mawili mawili, wa kushoto na wa kulia kutoka shingo moja, nyuso zikitazamana, yamelala kama jani moja. Ndivyo alivyotufundisha, na aliyekosea alifungua. Ya Hawa yalikuwa yamepeana migongo. Ukivuta yanajifunga, ukiachia yanapanuka yote mawili, dagaa anahema.

Hawa alikuwa anatazama sakafu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amekuwa akijaribu nyumbani kwake, kwenye karai la kufulia, mwaka wa tano huu, na alikuwa akiogopa kusema kwa sababu Mama alishakataza. Mama Vania akakivuta kile chambo mara moja zaidi. Mimi nilikuwa najua ule ukimya wake, uliwahi kunioshesha manyoya kwa ndoo tatu. Nikajiandaa kumtetea Hawa.

Mama Vania akapiga kigelegele! Kirefu, cha kwenye harusi, mpaka kuku wa uani wakatawanyika. "Nimeshindwa!" akapaza sauti. "Jamani, nimeshindwa na Hawa! Mmesikia? Kumi na mmoja kwa saba!" Alimkumbatia Hawa, akamkumbatia Bwana Danieli ambaye hakutarajia, akachukua simu akampigia Vania kule Dodoma kazini kwake, akamweleza kwa kelele kwamba mama yako ameshindwa, tena ameshindwa vibaya, na waambie wenzako wote hapo ofisini. Aliicheza habari hiyo mpaka kanga ikafunguka. Nimemwona mama huyu akipokea vyeti vitatu vya mfanyakazi bora, akivikunja na kuviweka kwenye mkoba bila kuvisoma. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile. Nililia tena, safari hii mbele za watu, wala sikujali.

Barua ya wenye kambi ilikuja wiki iliyofuata. Chumba kinabaki, ajira zetu zinabaki, na mkuu wa chumba kuanzia Oktoba mosi ni Hawa. Mnanunua nailoni yenu ya nini tena?

Nilidhani siku zilizobaki Mama Vania atazitumia kuaga watu na kunywa soda. Jumatatu ya kwanza baada ya matokeo, hata kabla ya barua, alikuja kama kawaida, akasogeza kiti chake kutoka meza ya dirishani, meza yake ya miaka yote, akakiweka pembeni ya meza ya Hawa. Akakaa. Akasema, "Haya mwalimu. Nifundishe." Hawa akadhani ni utani. Mama Vania akasubiri, mikono mapajani, mpaka Hawa alipochukua unyoya akaanza kueleza.

Wiki mbili amekuwa mwanafunzi. Vidole vya miaka thelathini vimezoea upande mmoja na vinakataa kugeuka, na bila miwani ya pili haoni mgongo wa unyoya. Jumamosi iliyopita alifunga kimoja akakisogeza mbele ya Hawa. Hawa akakivuta ndani ya maji, akatikisa kichwa. "Bado, Mama. Fungua." Mama Vania akafungua, uzi wote, akaanza upya. Akakileta tena. "Fungua, Mama." Akafungua. Mara ya tatu Hawa alikivuta kwa muda mrefu, akatazama, akatazama tena, halafu akasema kimepita, na mama wa miaka sitini akaruka kutoka kitini akipiga makofi. Chambo hicho hakikuingia kwenye kopo la wageni. Amekichukua, ni chake.

Mama Vania, kwa niaba ya jikoni, boti, mapokezi, stoo na chumba cha vyambo, tunakushukuru kwa kila shingo kavu, kila uzi uliokaza na kila chambo ulichotulazimisha kufungua. Nisamehe zile siku nne za kununa, naziungama hapa hadharani. Mungu akujalie umri mrefu, macho yenye nuru, vifaranga wengi na usingizi wa mtu ambaye kazi yake ina wenyewe. Jumatano saa mbili asubuhi mlango utafunguliwa, na ndani mtakuwa na watu wanaoijua kazi. Nenda kapumzike, Mama. Tupo.

Veronika
Chumba cha Vyambo, Shangani